Elie Metchnikoff na Askari wa Mwili

Mtu akichomwa na mwiba mguuni asiutoe siku ile ile, kesho yake huona mahali pale pamekuwa pekundu, pamevimba, tena pana moto. Siku ya pili au ya tatu pengine hutunga usaha, na mtoki humtoka kinenani. Watu wa kale katika nchi zote waliyaona mambo hayo, wakayachukia, wakadhani kuwa uvimbe na usaha ni ubaya mtupu. Hawakujua ya kuwa mahali pale pana vita, na ya kuwa mwili una askari wake. Mtu aliyewatambua askari wale na kueleza kazi yao ni Elie Metchnikoff, na habari zake ni hizi.

Metchnikoff alizaliwa mwezi wa Mei mwaka 1845, katika kijiji karibu na mji wa Kharkov. Siku zile nchi hiyo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Leo ni sehemu ya Ukraini. Baba yake alikuwa afisa katika jeshi la walinzi wa mfalme, na Elie alikuwa kitinda mimba katika watoto watano. Tangu utoto wake alipenda sana mimea na wanyama. Alizoea kuwakusanya ndugu zake na watoto wenziwe, akiwafundisha habari za maua na wadudu. Na kwa kuwa wengine walichoka upesi, aliwalipa kwa vijisenti vyake ili wakae wasikilize.

Alipokua alitaka kusoma uganga, lakini mama yake alimshauri asifanye hivyo, kwa sababu moyo wake ulikuwa mwepesi mno wa kuumia akiona mateso ya watu. Basi akasoma elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Kharkov. Mafunzo ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka miwili, akatoka chuoni mwaka 1864, umri wake miaka kumi na tisa tu.

Kisha akaenda Ujerumani na Italia kuongeza elimu. Mwaka 1865, alipokuwa katika mji wa Giessen, aliona kwa darubini jambo dogo ambalo wengine wasingalilitia maanani. Alikuwa akichungua mnyoo mmoja bapa, akaona kuwa chakula chake hakiyeyushwi tumboni kama chakula cha mwanadamu, bali kinamezwa na chembe za mwili wake na kuyeyushwa ndani ya chembe zenyewe. Aliliandika jambo lile akaliweka moyoni. Ilipita miaka kumi na saba kabla hajajua faida yake.

Mwaka 1869 alimwoa Ludmila Feodorovich. Bibi huyu alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na siku ya arusi hakuwa na nguvu za kutembea. Alichukuliwa kanisani juu ya kiti. Metchnikoff alimwuguza miaka minne. Alifanya kazi usiku na mchana ili apate fedha za kumpeleka katika nchi zenye jua, hata macho yake mwenyewe yakaharibika. Lakini siku zile hapakuwa na dawa ya kifua kikuu, na mwaka 1873 Ludmila alikufa katika kisiwa cha Madeira. Mumewe akakata tamaa ya maisha kabisa, na ilikuwa kazi kubwa kwake kurudi katika hali ya watu wengine. Alikuwa ameuona ugonjwa ukimla mtu ampendaye, naye asiweze kufanya lo lote.

Miaka miwili baadaye alimwoa Olga Belokopytova, aliyekuja kuwa msaidizi wake katika kazi zote. Wakati huo alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Odessa. Mwaka 1880 Olga naye aliugua homa ya matumbo, akakaribia kufa, lakini akapona. Jambo hili lilimtia Metchnikoff katika kufikiri: watu wawili waliugua, mmoja akafa na mmoja akapona. Ni nini ndani ya mwili kinachomponya mtu?

Baada ya mfalme wa Urusi kuuawa mwaka 1881, vyuo vilijaa fitina na magomvi. Metchnikoff akajiuzulu kazi yake, na mwaka 1882 akahamia Messina, mji wa pwani katika kisiwa cha Sicily, pamoja na Olga na wadogo zake Olga. Hakuwa na chuo wala wasaidizi. Alikuwa na darubini yake tu, na bahari mbele ya nyumba.

Siku moja katika mwezi wa Desemba, jamaa zake walikwenda kutazama nyani waliofundishwa michezo. Yeye alibaki peke yake, akitazama kwa darubini mtoto mchanga wa kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Mtoto wake akiwa bado mdogo sana huwa maangavu kama kioo, hata mtu aweza kuona yanayotendeka ndani ya mwili wake. Metchnikoff aliona humo chembe zinazotembea huko na huko, zikijinyosha na kujikunja. Mara wazo likamjia. Kama chembe hizi zaweza kumeza chakula, mbona zisiweze kummeza adui pia? Huenda ndizo askari wa mwili! Akajisemea moyoni kuwa kama wazo hili ni la kweli, basi mwiba ukiingia katika mwili wa mnyama huyu utazungukwa na chembe hizo, kama vile mwiba ulioingia katika kidole cha mtu unavyozungukwa na usaha.

Hakungoja. Bustanini mlikuwa na mchenza mdogo uliotayarishwa kwa ajili ya watoto kama mti wa Krismasi, na karibu yake mlikuwa na miwaridi. Akachuma miiba michache ya mwaridi, akaichoma chini ya ngozi ya wale watoto wa kiti cha pweza. Usiku ule hakupata usingizi. Kulipokucha tu akaenda kutazama, na tazama, chembe zile zilikuwa zimeuzunguka kila mwiba, zimeukusanyikia toka kila upande. Wala mnyama huyu hana mishipa ya damu kama ya mwanadamu. Chembe zilikuja zenyewe. Tangu siku ile Metchnikoff hakuwa tena mwalimu wa elimu ya wanyama tu, bali alikuwa mtafuta siri za maradhi.

Mwaka uliofuata alipita Vienna akamweleza habari hii mwalimu mmoja, jina lake Carl Claus. Huyu alimpa neno la Kiyunani la kuziitia chembe zile: fagosaiti, maana yake chembe zinazokula. Katika damu ya mwanadamu chembe hizo ni baadhi ya chembe nyeupe. Metchnikoff alizigawa katika aina mbili kubwa. Ndogo ni nyingi, nazo huwahi mbele vitani na kufa upesi. Hizo ndizo zinazofanya usaha. Kubwa aliziita makrofaji, maana yake walaji wakubwa, nazo hukaa siku nyingi zaidi, na humeza hata maiti za ndugu zao wadogo.

Mwaka 1884 alipata ushahidi mwingine. Katika maji matamu kuna kidudu kidogo kiangavu kiitwacho dafnia, nacho huugua kwa ukungu fulani wenye mbegu kali kama sindano. Metchnikoff aliona kuwa mbegu zikipenya kutoka matumboni, chembe nyeupe za dafnia huzivamia na kuzimeza. Zikishinda chembe, dafnia hupona. Zikishinda mbegu, dafnia hufa. Hivyo kupona na kufa kulitokana na vita ile ndogo isiyoonekana kwa macho.

Lakini waganga wengi hawakukubali. Wakati ule walifundishwa kuwa chembe nyeupe ni hatari, kwa maana huwabeba vijidudu vya maradhi na kuwaeneza mwilini. Tena Metchnikoff hakuwa mganga, na wengi walimwona kama mtu aliyeingia shamba lisilo lake. Mwaka 1886 alipewa kazi ya kusimamia nyumba mpya ya uchunguzi wa maradhi katika Odessa, ambamo watu walioumwa na mbwa wenye kichaa walipata dawa iliyovumbuliwa na Louis Pasteur wa Ufaransa. Huko nako akapata taabu. Waganga wa mji walimpinga. Na siku moja yeye alipokuwa safarini, wasaidizi wake walichanja kondoo ili kuwakinga na kimeta, na kondoo wengi sana wakafa. Metchnikoff akaona kuwa hataweza kufanya kazi kwa amani katika nchi yake. Akaenda Paris, na Pasteur, aliyekuwa mzee wakati ule, akampokea vizuri, akampa chumba cha kazi katika nyumba kubwa ya uchunguzi iliyofunguliwa mwaka 1888. Humo alifanya kazi miaka ishirini na minane, mpaka kufa kwake.

Hapo vita ya maneno ikazidi. Katika Ujerumani wataalamu walifundisha kuwa kinga ya mwili haimo katika chembe, bali imo katika maji ya damu. Nao hawakusema bure. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato, Mjapani, walionyesha kuwa maji ya damu ya mnyama aliyekingwa na pepopunda yaweza kumkinga mnyama mwingine. Na Behring akaonyesha vivyo hivyo juu ya dondakoo. Mwaka 1894 Emile Roux, rafiki yake Metchnikoff katika nyumba ile ile ya Paris, aliwatibu watoto wenye dondakoo kwa maji ya damu ya farasi, na wengi ambao wangalikufa wakapona. Mwaka huo huo Richard Pfeiffer wa Ujerumani alionyesha kuwa vijidudu vya kipindupindu vikitiwa katika tumbo la mnyama aliyekingwa, huyeyuka vyenyewe bila kumezwa na chembe yo yote.

Metchnikoff alikuwa mtu wa hasira na wa maneno mengi. Kila pigo lilimwuma kama kwamba amepigwa mwilini. Alirudi katika chumba chake, akajaribu tena na tena, akajibu kila mtu. Hata hivyo moja ya majibu makubwa halikutoka kwake, wala kwa adui zake, bali kwa mwanafunzi wake mwenyewe. Jules Bordet, kijana wa Ubelgiji aliyefanya kazi chini yake, aligundua mwaka 1895 kuwa katika maji ya damu mna vitu viwili vinavyosaidiana kuyeyusha vijidudu. Kimoja huharibika kwa moto, na cha pili huvumilia moto, nacho humtambua adui mmoja tu. Metchnikoff hakumfukuza kijana huyu kwa kuona yaliyowapa nguvu wapinzani. Alimwacha aendelee, na mwaka 1919 Bordet naye alipewa zawadi ya Nobel.

Mwaka ule ule wa 1895 wataalamu wawili wa Ubelgiji, Denys na Leclef, waliona ajabu nyingine: chembe nyeupe humeza vijidudu kwa bidii zaidi zikiwa pamoja na maji ya damu ya mnyama aliyekingwa. Mwaka 1903 Almroth Wright na Stewart Douglas katika London walilichungua jambo hili vizuri zaidi. Waliona kuwa kitu kilichomo katika maji ya damu humpaka kijidudu, na hapo chembe humla kwa hamu. Wakakiita kitu hicho opsonini, kwa neno la kale lenye maana ya kutayarisha chakula. Ni kama kitoweo kinachomfanya mtu ale ugali uliomshinda. Basi ikaonekana kuwa pande zote mbili zilikuwa na nusu ya kweli. Maji ya damu na chembe havishindani, hutumikiana.

Mwaka 1908 zawadi ya Nobel ya elimu ya uganga iligawanywa kati ya watu wawili, Metchnikoff na Paul Ehrlich wa Ujerumani. Ehrlich alikuwa mkuu katika upande wa maji ya damu, na Metchnikoff mkuu katika upande wa chembe. Wale waliopingana miaka mingi walipewa heshima moja kwa pamoja.

Katika uzee wake Metchnikoff alichungua sababu ya kuzeeka. Alisadiki kuwa maziwa ya mgando yanafaa kwa matumbo na huongeza maisha, akayanywa siku zote. Alisadiki pia kuwa mtu akizeeka, makrofaji huanza kula mwili wa mwenyewe, hata kuzifanya nywele kuwa nyeupe. Katika habari ya nywele alikosea. Lakini wazo lililokuwa ndani yake, ya kwamba askari wa mwili waweza kumdhuru yule wanayemlinda, lilikuwa kweli. Alikufa katika Paris mwezi wa Julai 1916, wakati wa vita kuu, umri wake miaka 71. Majivu yake yaliwekwa katika maktaba ya nyumba ile aliyoitumikia.

Baada ya kufa kwake wataalamu waliendelea na kazi, wakaona kuwa jeshi la mwili ni kubwa kuliko alivyodhani, tena lina utaratibu wa ajabu. Makrofaji akimmeza adui hanyamazi. Hutoa vitu vidogo viitwavyo sitokini, navyo ni kama tarishi wanaopeleka habari. Tarishi hao hupanua mishipa ya damu, ndiyo sababu mahali palipoumia huwa pekundu na pana moto. Huwaita askari wengine. Na baadhi yao hufika mpaka kwenye ubongo, mwili wote ukapata homa.

Kuna chembe nyingine zenye matawi, ambazo Ralph Steinman na Zanvil Cohn walizieleza katika New York mwaka 1973. Hizi humkamata adui, hummeng'enya, kisha huchukua vipande vyake mpaka kwenye tezi, kama zile za kinenani na za kwapani. Humo mna chembe ziitwazo limfosaiti, na kila moja yaweza kumtambua adui wa namna moja. Ile inayomtambua adui aliyeletwa huzaana upesi, na tezi ikavimba. Huo ndio mtoki. Baadhi ya limfosaiti hutengeneza vitu vya kinga na kuvimwaga katika maji ya damu. Baadhi huua chembe za mwili zilizokwisha kuingiliwa na adui. Na baadhi ni wasaidizi, nao ndio wanaowapa wengine ruhusa na nguvu ya kufanya kazi. Vitu vya kinga navyo hurudi kumpaka adui ili makrofaji amle. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ubaya wa kuwapoteza wale wasaidizi umeonekana katika Ukimwi. Kirusi kinacholeta ugonjwa huo hushambulia hasa limfosaiti wasaidizi. Wakipungua mno, askari wengine wangalipo, lakini hawapati amri, na maradhi madogo humshinda mtu. Kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1983 na Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao, katika nyumba ile ile ya Pasteur mjini Paris. Barré-Sinoussi na Montagnier walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2008, miaka mia kamili baada ya Metchnikoff. Siku hizi ziko dawa ambazo mtu akizitumia kila siku humzuia adui yule, na wasaidizi huongezeka tena.

Lakini jeshi lisilojua kuacha vita ni hatari kama adui. Kwa sababu hiyo mwili una chembe za kutuliza pia. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kuwa kuna limfosaiti ambazo kazi yake ni kuwazuia wenziwe wasiushambulie mwili wenyewe. Mwaka 2025 yeye, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani, walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo. Utulivu ukikosekana, askari huwapiga wenyeji. Hivyo ndivyo inavyokuwa katika aina moja ya ugonjwa wa kisukari, unaowapata hata watoto: limfosaiti huziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Na makrofaji wenyewe, wale walaji wakubwa wa Metchnikoff, wakiisha kumeza maiti za ndugu zao wadogo, hutoa tarishi wa amani badala ya tarishi wa vita. Hapo uvimbe hupungua, na kidonda huanza kufunga.

Hivyo kinga ya mwili ni kazi ya wengi wanaoambiana. Mmoja huona adui, mmoja hupeleka habari, mmoja huamuru, mmoja hupiga, na mmoja husema yatosha. Metchnikoff aliona sehemu moja tu ya jambo hili, akaishika kwa nguvu wakati wengi walipomcheka. Alikosea alipodhani kuwa sehemu yake ndiyo yote, na waliompinga walikosea vivyo hivyo. Lakini kwa kuwa hawakuacha kutafuta, kweli ya huyu na kweli ya yule zilikutana mwishowe, na kwa kukutana huko wagonjwa wengi wamepona.